Utamu Uliobaki Katika Machicha



Siku moja tulikuwa darasani katika kijiji kimoja cha Songea. Somo la siku hiyo lilikuwa hesabu. Mama mmoja alichelewa kufika. Alikuwa ametoka kuchuja pombe. Mkononi alikuwa na machicha kidogo, ameyafunga katika jani la mgomba.

"Mwalimu, hebu onja," aliniambia.

Nikaonja. Machicha yalikuwa matamu.

"Umeona?" akasema. "Nalima, navuna, naotesha kimea, nakata kuni, napika. Halafu utamu huu nampelekea nguruwe. Nguruwe ananenepa, lakini sare za mtoto hanunui."

Wanafunzi wenzake walicheka. Lakini swali lake lilikuwa kubwa. Je, utamu uliobaki katika machicha unaweza kutolewa? Na ukitolewa, pombe haitakuwa maji matupu? Tuliacha hesabu za kitabuni, tukafanya hesabu ya machicha. Leo nawe uifanye pamoja nasi.

UTAMU UNATOKA WAPI?

Hapa kwetu kuna pombe za namna nyingi. Ulanzi hutoka katika mwanzi. Mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga, na maji matamu hutoka yenyewe. Ulanzi hauna machicha.

Pombe ya nafaka, ambayo wengi huiita ugimbi, si hivyo. Punje ya mahindi au ya ulezi haina sukari nyingi. Ina wanga. Chukua unga mkavu wa mahindi, uuweke mdomoni. Hauna utamu. Wanga ni lazima ugeuzwe kuwa sukari. Kazi hiyo hufanywa na kimea.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, kisha ikaanikwa na kusagwa. Ulezi ukianza kuota hutengeneza kitu ndani yake chenye nguvu ya kuvunja wanga. Wewe mwenyewe umeona. Ukitia kimea katika uji mzito ulio moto kiasi, baada ya muda mfupi uji hulegea. Ukionja, umekuwa mtamu. Hiyo ndiyo kazi ya kimea. Togwa tunalowapa wageni na watoto hupata utamu wake kwa njia hiyo hiyo.

Basi sasa sukari iko katika maji. Tukichuja, maji matamu hutoka. Maganda na chenga hubaki. Hayo ndiyo machicha.

MACHICHA NI KAMA NGUO YENYE SABUNI

Machicha hunywa maji. Hata yakichuruzika sana, hubaki na maji mengi ndani yake. Na maji hayo ni matamu sawasawa na yale yaliyotoka. Kwa hiyo ukitupa machicha, unatupa pia maji matamu.

Tufanye nini? Tufanye kama tunavyofanya na nguo. Ukimaliza kufua, nguo hubaki na povu. Unaikamua, unatia maji safi, unaisuuza. Povu hutoka. Machicha nayo husuuzwa ili utamu utoke.

Tena, waliozoea kupikia nazi wanajua jambo hili. Mtu hakuni nazi, akakamua tui la kwanza, akatupa machicha yake. Hutia maji ya vuguvugu, akakamua tui la pili. Tui la pili ni jepesi, lakini ni tui. Kusuuza machicha ya pombe ni kutafuta tui la pili.

HESABU YA VIJIKO

Sasa shika kalamu. Tuseme mchanganyiko wetu wa uji na kimea ni lita 15. Tuseme ndani yake mna utamu wa vijiko 60 vya sukari.

Tunachuja. Zinatoka lita 12. Machicha yanabaki na lita 3.

Lita 3 katika lita 15 ni sehemu 1 katika sehemu 5. Basi utamu uliobaki katika machicha nao ni sehemu 1 katika 5. Hiyo ni vijiko 12. Tumepata vijiko 48.

Maana yake nini? Asiyesuuza, katika kila mapishi matano, pishi moja amempikia nguruwe.

Sasa tusuuze. Tuna lita 6 za maji ya moto. Ziko njia mbili.

Njia ya kwanza: tunamimina lita zote 6 kwa mara moja. Lita 6 na zile lita 3 zilizomo ni lita 9. Vijiko 12 vinaenea katika lita 9. Tunachuja. Zinatoka lita 6, zinabaki lita 3. Vijiko vinavyobaki ni 4. Tumeokoa vijiko 8.

Njia ya pili: tunamimina lita 3, tunakoroga, tunachuja. Lita 3 na lita 3 ni lita 6. Nusu inatoka, nusu inabaki. Vijiko 12 vinakuwa 6. Kisha tunamimina lita 3 nyingine. Nusu inatoka tena. Vijiko 6 vinakuwa 3. Tumeokoa vijiko 9.

Maji ni yale yale, lita 6. Kuni ni zile zile. Lakini anayesuuza mara mbili kidogo kidogo hupata zaidi kuliko anayemwaga yote mara moja. Hata nguo ni hivyo. Maji kidogo mara mbili hutoa povu kuliko maji mengi mara moja.

Je, tusuuze mara ya tatu? Tukitia lita 3 tena, tutapata kijiko kimoja na nusu tu. Lakini tutakuwa tumeongeza lita 3 za maji katika pombe. Maji hayo yanataka kuni ili yapungue. Hapo faida imekwisha. Kwa watu wengi, mara mbili zinatosha.

MAJI YAWE MOTO KIASI GANI?

Hapa ndipo wanaoanza hukosea.

Maji baridi hayafai. Utamu ukiwa baridi huwa mzito na hunata. Maji hupita polepole na kuacha utamu nyuma.

Maji yanayochemka nayo hayafai. Maji makali mno hutoa ukakasi katika maganda ya nafaka. Ukakasi ni ile hali ya kukausha ulimi, kama ndizi mbichi. Ulezi mwekundu una ukakasi mwingi. Tena maji yanayochemka huamsha wanga uliokuwa bado haujageuka. Wanga huo huwa kama gundi, na chujio huziba.

Maji yanayofaa ni ya nyuzi 75 hivi za sentigredi. Huna kipimajoto? Usihofu. Tumia kopo.

Chukua makopo 3 ya maji yanayochemka. Ongeza kopo 1 la maji baridi ya mtungini. Changanya. Basi. Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo maji yetu huchemka kwa nyuzi 96 hivi, wala hayafiki 100. Matatu ya moto kwa moja la baridi hutoa karibu nyuzi 77. Yakikaa kidogo katika chombo hushuka mpaka 75.

Kumbuka maneno haya: MATATU KWA MOJA. Usipime kwa kidole. Maji haya yanaunguza.

NAMNA YA KUFANYA

Anza na kiasi kidogo, ujifunze. Tafuta unga wa mahindi kilo 2 na kimea cha ulezi kilo 2. Kimea kisisagwe laini sana. Kiwe na chenga. Unga laini sana huziba chujio.

1. Pika uji wa mahindi kwa maji lita 8. Uive vizuri.

2. Epua. Tia maji baridi lita 4, ukoroge. Subiri mpaka mvuke mkali upungue. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka hufa, na uji hautakuwa mtamu.

3. Tia kimea, koroga vizuri. Funika chombo kwa magunia safi ili joto lisitoke. Kiache kwa muda wa saa moja. Sasa una mchanganyiko wa karibu lita 15.

4. Weka chujio juu ya chombo safi. Kikapu kilichosukwa vizuri kinafaa. Kama matundu yake ni makubwa, tandika kitambaa safi ndani yake.

5. Mimina mchanganyiko polepole. Maji ya kwanza yatatoka na unga mwingi. Yarudishe juu ya machicha kwa upole. Machicha yenyewe yatasaidia kuchuja. Yakianza kutoka bila unga mwingi, acha yatiririke.

6. Maji yakipungua kutiririka, tia lita 3 za maji ya MATATU KWA MOJA. Koroga machicha taratibu. Subiri kidogo yatulie, kisha acha yatiririke tena.

7. Onja maji yanayotoka, yakisha kupoa katika kijiko. Je, ni matamu? Rudia mara ya pili kwa lita 3 nyingine. Maji hayo uwe umeyafunika yasipoe.

8. Changanya maji yote matamu. Yachemshe kwa nusu saa. Kuchemsha kunaua vijidudu vinavyochachusha vibaya. Funika, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kisha tia chachu kama ulivyozoea.

Labda umewahi kusikia kwamba viwanda vya bia husuuza kwa kunyunyiza maji juu ya kimea, kama mvua ndogo, huku maji matamu yakitoka chini. Ni kweli. Lakini viwanda hutumia sana shayiri. Punje ya shayiri ina ganda gumu. Maganda hayo hukaa kama wavu, na maji hupita. Ulezi na mahindi hayana ganda la namna hiyo. Hulala pamoja kama tope. Ukinyunyiza tu juu, maji hutafuta tundu moja na kupita hapo hapo. Pembeni utamu hubaki. Kwa nafaka zetu ni afadhali kutia, kukoroga, kutulia na kuchuja.

Chujio likiziba, usilisukume wala usilipige. Koroga machicha, utie maji ya moto kidogo. Wanaolima mpunga wanaweza kuchukua maganda ya mpunga, wayaoshe, wayachemshe, kisha wayachanganye na machicha kidogo. Maganda hayo hufungua njia ya maji.

WAKATI WA KUACHA

Ulimi wako ndio mwalimu. Acha kusuuza ukiona moja ya dalili hizi:

Maji yanayotoka hayana utamu tena.

Maji yanaacha ukakasi katika ulimi.

Maji yamefikia kiasi ulichokusudia kupika.

Dalili ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Watu wengine husuuza, wakafurahi kuona chombo kinajaa. Wanauza pombe nyepesi. Wanywaji wanaijua siku hiyo hiyo, na wiki inayofuata wanakwenda kwa jirani. Tena pombe nyepesi haikai. Huchachuka upesi.

Kwa hiyo panga maji yako tangu mwanzo. Ukitaka maji matamu lita 18, yahesabu yote: ya uji, ya kupoza na ya kusuuzia. Maji ya kusuuzia yatoke katika hesabu, yasiwe nyongeza ya ovyo.

FAIDA YAKE

Kwa hesabu yetu ya mfano, asiyesuuza alipata vijiko 48. Aliyesuuza mara mbili alipata 57. Nafaka ni zile zile kilo 4.

Sasa geuza hesabu. Ukitaka utamu ule ule wa vijiko 48, huhitaji tena kilo 4. Zinatosha kilo 3 na nusu. Nusu kilo inabaki ghalani. Anayepika mara moja kila wiki, kwa mwaka ana wiki 52. Nusu kilo mara 52 ni kilo 26. Hiyo ni zaidi ya debe la mahindi. Na wengi wetu hupika zaidi ya kilo 4.

Mkoa wetu wa Ruvuma unajulikana kwa mahindi. Lakini ghala la mkoa kujaa si ghala la nyumba yako kujaa. Iko miezi ya Januari na Februari, mazao yakiwa bado shambani, ambapo debe moja ni chakula cha watoto. Nafaka ni chakula kwanza, pombe baadaye.

PUNJE MBOVU HAISUUZWI IKAWA NZURI

Kusuuza hakuchagui kizuri wala kibaya kilichomo katika nafaka. Kama mna kizuri, hutoka kizuri. Kama mna kibaya, hutoka kibaya.

Wengine husema, "Mahindi haya yameoza, hayafai ugali, tuyafanye pombe." Usikubali. Nafaka yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haimalizwi na moto wa jikoni.

Majirani zetu wa Msumbiji nao walipata msiba. Mwezi wa Januari 2015, katika mkoa wa Tete, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uchunguzi ulionyesha kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika na kuingiwa na bakteria wanaotengeneza sumu kali. Pombe ilipikwa, lakini sumu haikuondoka.

Angalia pia mambo haya mawili. Kwanza, ukitumia kimea cha mtama, ondoa machipukizi na mizizi yote baada ya kukausha. Machipukizi ya mtama yana sumu. Pili, usitumie dumu au pipa lililowahi kuwa na dawa ya korosho, ya tumbaku au ya kahawa. Hata likioshwa mara kumi, usilitumie.

Na kumbuka sheria. Kuuza pombe kunahitaji leseni, kwa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Muulize mtendaji wa kijiji au wa kata. Togwa ambalo halijawa kilevi halina shida hiyo. Tena pombe si ya watoto, wala si ya mama mjamzito.

NA NGURUWE JE?

Yule mama alirudi darasani wiki mbili baadaye. Alikuwa amesuuza mara mbili. Safari hii alileta tena machicha katika jani la mgomba. Tulionja. Hayakuwa na utamu.

Mzee mmoja akamtania: "Mama, sasa nguruwe wako atakufa njaa."

"Hafi, baba," akajibu. "Mbona anakula vile vile?"

Ni kweli. Kusuuza hutoa sukari, lakini sehemu kubwa ya kile chakula kinachojenga mwili hubaki katika machicha. Nguruwe na kuku bado wanafaidika. Ila wape machicha siku hiyo hiyo. Yakilala huota ukungu. Yanayozidi yatie katika shimo la mbolea.

Kisha mama yule akafungua daftari lake. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: lita alizotia, lita zilizotoka, na fedha alizopata. Miezi sita kabla ya hapo alikuwa hajui kuandika tarakimu 8.

Nawe, ndugu msomaji, fanya hivyo. Ukisuuza, andika. Hesabu iliyo katika daftari haisahauliki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kimea hufanya kazi gani katika uji?
2. Kwa nini tunasuuza machicha mara mbili kidogo kidogo, badala ya mara moja kwa maji mengi?
3. Maneno MATATU KWA MOJA yana maana gani?
4. Taja dalili tatu za kuonyesha kuwa sasa uache kusuuza.
5. Machicha yamebaki na lita 4 za maji yenye utamu wa vijiko 20. Umetia lita 4 za maji, ukakoroga na kuchuja lita 4. Vijiko vingapi vimebaki? Ukirudia tena, vitabaki vingapi?
6. Jirani yako anataka kupika pombe kwa mahindi yenye ukungu. Utamwambia nini?